Strima Mpya, Amplifaya ya Mjomba: Sehemu ya Tatu

Tarehe 22 Februari 2021, kampuni ya Spotify ilitangaza kwamba inaingia katika nchi zaidi ya 80 kwa mpigo mmoja, na Uganda, Kenya na Tanzania zimo. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wasomaji wa Malaba, wa Busia na wa huku kwetu Mukuju wanauliza swali lile lile: amplifaya tuliyoifungua, tukaisafisha na kuibadilishia kapasita katika makala mbili zilizopita, je, itapokea muziki wa intaneti? Itapokea, tena vizuri sana. Lakini kabla hamjashika waya, nataka mwijue ile soketi ya nyuma iliyoandikwa "Phono", kwa sababu ndiyo itakayowaponza.

Soketi hiyo ni ya kupigia santuri, na mfereji wa santuri ni mwembamba. Besi ikichongwa kwa nguvu zake zote, sindano itaruka iingie mfereji wa jirani. Kwa hiyo wachongaji waliipunguza besi na kuziinua sauti nyembamba, wakiiachia amplifaya kazi ya kurudisha kila kitu mahali pake. Taabu ilikuwa kwamba kila kampuni ilipima kwa kipimo chake. Ndipo mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri za Marekani, RIAA, kikatoa kipimo kimoja ambacho dunia ilikuja kukifuata. Amplifaya za Waingereza za miaka ile zina vitufe kadhaa kwa ajili ya santuri peke yake, na watu wengi hudhani ni pambo. Kila kitufe kilikuwa na kampuni zake.

Hebu fikirini maana yake kwetu. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, sauti yake ilichongwa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, miaka 26 kabla ya kipimo hicho. Ukiipiga santuri yake leo kwa kitufe kisichofaa, unamsikia mwanamke mwingine. Mwaka 1952 Nairobi ikapata kiwanda chake, East African Records, na nyimbo za Afrika Mashariki zikaanza kugandamizwa karibu na nyumbani. Kutoka Nairobi santuri zilipanda gari la moshi. Zilivuka Malaba, zikafika Tororo, mahali reli inapogawanyika na tawi moja kuelekea Mbale na Soroti. Wafanyakazi wa reli walizibeba katikati ya nguo ili zisivunjike. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao.

Amplifaya ninayoitumia kama mfano ilikuwa yake: Quad 33 pamoja na 303 yake, za Uingereza, za mtindo uliotoka mwaka 1967. Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarejea kwao. Jumamosi aliitoa sebuleni, majirani wakakaa kwenye mikeka, Waiteso na Wajopadhola pamoja, na wageni kutoka Amagoro, upande wa Kenya, waliovuka mpaka kwa miguu. Mpaka huo, tusisahau, ulisogezwa mwaka 1902 kwa kalamu ya Waingereza, na jamii moja ikajikuta ina serikali mbili. Muziki haukupewa habari. Akogo, ile ala ya vidole ya Waiteso, ilipigwa pande zote mbili, na bado inapigwa.

Na hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa jinsi tunavyoutunza muziki huo. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957. Alizunguka na mashine ya kurekodi, akakusanya sauti za makabila mengi ya nchi hii. Rekodi zake zikaishia London, kwenye Maktaba ya Uingereza, na kwa miaka mingi mjukuu wa mpigaji hakuweza kumsikia babu yake bila tiketi ya ndege. Sasa nakala zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere, na wanaostahili shukrani kwa kazi hiyo ni wengi. Lakini mgeni mmoja aliona thamani ya sauti zetu zaidi ya miaka 70 iliyopita, na sisi leo tunawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu amplifaya kwa kilo, kanda zikiachiwa watoto wazivute utepe kama uzi wa kishada. Hili ni kosa, na nitalisema mpaka mchoke kunisikia.

Haya, waya. Strima, yaani kile kifaa cha kupokea muziki wa intaneti, hutoa sauti yenye nguvu ya takribani volti 2. Soketi ya Phono imetengenezwa kwa sindano inayotoa milivolti chache tu, nayo huongeza besi kama nilivyoeleza. Mkiingiza strima pale mtapata mngurumo na sauti iliyochanika. Tumieni soketi ya "Radio", "Tuner" au "Aux". Hata hapo kuna jambo: soketi ya redio ya Quad 33 inaridhika na milivolti 100, yaani strima inaizidi mara 20. Mkigusa kitufe cha sauti kidogo tu, nyumba nzima inashtuka. Dawa ni rizista mbili kwa kila upande. Ya kilo-omu 10 inakaa njiani kutoka strima, na ya kilo-omu 1 inaunganisha mwisho wake na waya wa ardhi. Mnachukua sauti pale zinapokutana. Volti 2 inabaki karibu milivolti 180.

Soketi zenyewe mara nyingi ni zile za duara zenye pini tano. Kwa kawaida pini ya 2 ni ardhi, ya 3 ni kushoto, ya 5 ni kulia, lakini pimeni kwanza. Mwenye amplifaya ya spika moja asiunganishe kushoto na kulia moja kwa moja. Kila upande upitie rizista yake. Mngurumo ukibaki, msikate waya wa ardhi wa plagi hata kidogo. Umeme wetu ni volti 240, na mtu hufa.

Na Spotify? Mwaka 2021 ilisemekana ina nyimbo zaidi ya milioni 70. Nimetafuta akogo ya vijiji vya Mukuju humo, sijaipata. Kisha mkumbuke mwezi wa Januari 2021: kuanzia jioni ya tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi, hadi tarehe 18, Uganda haikuwa na intaneti. Strima yangu, inayonishikia redio za dunia nzima, ilibaki taa tupu. Kilichoendelea kuimba ni diski ndogo niliyoichomeka nyuma yake, yenye kanda nane za harusi na matanga nilizozinakili mwaka uliotangulia. Strima nyingi zina tundu hilo la diski. Lijazeni kwanza, ndipo mlipie chochote.

Usiku wa tarehe 15 mama yangu, ambaye hajawahi kugusa simu ya kisasa, alisikia kutoka sebuleni sauti ya dada yake akiimba kwenye kanda ya 1986. Alikuja na kigoda chake. Akaniuliza kama naweza kuirudisha mwanzo.

Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kunakili kanda yenye ukungu bila kuikata. Wenye kanda wasizianike juani kabla hawajasoma.