Homa Ikishuka, Damu Bado

"Shikamoo nesi. Dozi ya malaria nimemaliza jana. Kesho naweza kwenda Rudewa na kurudi?"

Hapa Kimamba naulizwa swali hili kila masika yanapoelekea ukingoni, mbu wakiwa wametanda tambarare yote ya Mkata. Wanaouliza ni vijana wa mbio ndefu, tunaopishana alfajiri kwenye njia za mashamba ya katani na vijia vinavyofuata Reli ya Kati. Naitikia marahaba, kisha nasema: nionyeshe kiganja.

Nakiweka kiganja chake kando ya changu, kwenye mwanga wa dirisha. Halafu navuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope panatakiwa pawe pekundu. Pakiwa pamepauka, safari ya Rudewa imeishia hapo, hata kama miguu yenyewe inamwasha. Hilo ni jicho tu, kwa hiyo natoboa kidole nipime wingi wa damu ili tuongee kwa namba.

Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vikazaliana humo na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye misuli. Dawa ya mseto ikimezwa asubuhi na jioni kwa siku 3, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, inaua vimelea, lakini damu hairudishi. Damu hutengenezwa upya na uboho wa mifupa, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kijana anajiona mzima kwa sababu homa imeshuka na ugali unapita. Kwenye tambarare atakwenda vizuri tu. Akianza kupandisha kuelekea vilima vya Kilosa, pumzi inakatika pale alipokuwa anapita akipiga soga.

Jambo lingine, ambalo wakimbiaji wengi hawalijui, ni bandama. Malaria inaweza kulivimbisha mpaka likajitokeza chini ya mbavu za kushoto, na likiwa hivyo hata pigo dogo linaweza kulipasua. Njia zetu zina visiki, mitaro na udongo mweusi unaoteleza mvua ikinyesha. Kuanguka kifudifudi, ambako siku nyingine kungekuachia mikwaruzo, siku hiyo kunaweza kukufikisha chumba cha upasuaji. Ndiyo maana simwambii mtu "jaribu polepole" kabla sijamminya tumbo.

Nikishamaliza kueleza, mara nyingi natajiwa John Stephen Akhwari. Namheshimu sana mzee huyu. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Miaka 2 baadaye, huko Edinburgh, alishika nafasi ya 5 kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola. Lakini Akhwari alikuwa na jeraha, hakuwa na homa. Jeraha la goti unalisikia kila hatua na unajua liko wapi. Homa inafanya kazi kimyakimya ndani, na baadhi ya virusi vinavyoleta mafua na homa huweza kushambulia msuli wa moyo. Moyo uliovimba ukilazimishwa kilomita 20 unaweza kusimama. Ushujaa wa Mexico usihamishiwe kwa mtu mwenye joto la nyuzi 39.

Mimi namtaja Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Miaka 2 baadaye, Tanzania iliposusia Olimpiki ya Montreal, mwenyewe alikuwa ametoka kuugua malaria, na wapo wanaoamini hata angekwenda asingekuwa yule wa Christchurch. Mwaka 1980 huko Moscow alichukua medali ya fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mtu wa pafu lile naye malaria ilimgusa.

Basi kijana namwandikia kutembea kwanza. Kutembea si aibu. Wakimbiaji wa milimani hutembea mwinuko ukiwa mkali. Simon Mtuy, Mtanzania aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 chini ya saa 10 akijibebea chakula na maji, anatoka kwenye mchezo huo huo. Atatembea, ataanza kuchanganya na mbio fupi akiwa anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema, na ule mzunguko mrefu utasubiri hadi damu ipande.

Shida za maisha hazina kipimo cha kutoboa kidole, ila zina dalili. Mama yangu alipopata kiharusi, nilikuwa namgeuza kila baada ya saa 2 usiku kucha asipate vidonda vya mgongoni. Nina mazoea ya kuhesabu mapigo kabla sijatoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Kawaida yangu ni hamsini na kitu. Miezi ile yalikuwa yanapita 70, na malaria sikuwa nayo. Wasiwasi na kukosa usingizi humwaga damuni homoni zilezile zinazomwagwa na mbio ngumu, na mwili hauna madaftari mawili, moja la mazoezi na jingine la matatizo ya nyumbani. Mbio ndefu nikaziacha, nikabaki na saa moja asubuhi. Wifi yangu alikuja kila Jumamosi kukesha na mama ili mimi nilale. Wapo waliosema, mama yake yuko kitandani, yeye yuko njiani anakimbia. Katikati ya katani ndipo nilipoweza kulia bila mama kuniona, na nilirudi nikiwa na mikono ya kumgeuza tena.

Nisiloruhusu ni kumeza diklofenaki kutoka duka la dawa ili kuuzima mwili unaolalamika. Dawa hiyo, jasho na joto la Kimamba kwa pamoja hubana figo. Mwenye selimundu, au aliyezaliwa kwenye ukoo wenye ugonjwa huo, apime kwanza kabla ya kuingia mbio ndefu. Na yeyote anayekimbia akapata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kuzimia, au mkojo wa kahawia iliyoiva, asisubiri kufika nyumbani: asimame palepale, akae kivulini, aombe bodaboda impeleke hospitali siku hiyohiyo.