Kabla ya Elsa Kulikuwa na Brashi

Wajukuu, mkitaja jina la Joy Adamson popote pale Meru, hamkosi mtu wa kuwauliza, "Yule mama wa simba?" Naam, ndiye. Alimlea Elsa, akaandika kitabu, kitabu kikawa filamu, dunia nzima ikamjua. Lakini simba alikuja baadaye. Elsa aliokotwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1956, na kufikia hapo Joy alikuwa ameishi Kenya miaka 19, mingi kati yake akiwa na brashi mkononi. Leo simba tumwache apumzike, tuzungumze habari za mchoraji.

Jina la Joy hakuzaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Siku hizi mji huo unaitwa Opava na uko Cheki. Wazazi walimwita Friederike Victoria Gessner. Walipotengana, alilelewa zaidi na bibi yake huko Vienna. Ndoto yake ilikuwa kupiga piano mbele ya watu. Alisoma na kufanya mazoezi mpaka ikaonekana mikono yake ni midogo mno kwa kazi hiyo. Akahamia kwenye ushonaji, akajifunza kufua vyuma vya mapambo, akachonga sanamu. Jamaa zake huenda walichoka naye. Mimi naona kila alichokiacha kilimwachia jicho: aliyewahi kushona hutazama mshono, na aliyewahi kufua shaba hatazami kikuku kama watu wengine.

Mambo ya ndoa zake, na zilikuwa tatu, ni ya watu wazima; nitayapita mbio. Mwaka 1937 alipanda meli kuja Kenya. Melini alikutana na Mswisi mmoja, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, naye ndiye aliyembatiza hilo jina la Joy. Walioana mwaka uliofuata. Bally alifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, hayo tunayoyaita leo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea, kuibana katikati ya karatasi na kuikausha. Mmea ukikauka hivyo umbo lake hubaki, ila rangi hupotea: ua jekundu linakuwa kahawia, la buluu linafifia. Kwa hiyo wataalamu wa mimea humhitaji mchoraji, tena mapema, kabla ua halijanyauka. Bally alimtia mkewe moyo achore. Akachora maua kwa mamia.

Ngojeni niwaeleze jinsi rangi za maji zinavyofanya kazi, maana wengi wenu mmezichezea shuleni na kuishia na karatasi iliyolowa chapachapa. Kwanza mchoraji hupiga mistari myepesi kwa penseli. Kisha huchovya brashi katika rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi, akapaka tabaka jembamba na kungoja likauke. Hupaka la pili, pengine la tatu, kila moja likizidi kukoleza sehemu za kivuli. Nyeupe mara nyingi haipakwi. Ni karatasi yenyewe imeachwa wazi, na pale kwenye mng'ao wa tone la umande, brashi haikugusa kabisa. Ukikosea ukapapaka rangi, hapafutiki vizuri. Ndiyo sababu kazi hii haimfai mtu wa papara, na Joy, ambaye waliomfahamu wanasema alikuwa na hasira za karibu, mbele ya ua alikuwa mvumilivu.

Alipanda hata Mlima Kenya, akapiga kambi kule juu kwenye baridi ili achore mimea ya mwinuko huo. Miongoni mwa mimea ya kule kuna lobelia mmoja mrefu wenye manyoya, na jina lake la kisayansi linamkumbuka Teleki, msafiri kutoka Hungaria aliyefika mlimani mwaka 1887 pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel. Katika enzi ya akina Teleki, msafiri alichora kwa penseli njiani, halafu kule Ulaya fundi aliichonga picha ile upya kwenye ubao ili ipigwe chapa kitabuni. Fundi huyo hakuwahi kuiona Afrika. Mlima ukiongezwa ncha, mtu akibadilishwa pua, nani angemsahihisha? Kufikia siku za Joy, kamera na mashine za uchapaji ziliweza kuitoa picha ya brashi na rangi zake zote bila kupitia mkono wa mtu wa katikati. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa ajili ya maua yake.

Wakati huo alikuwa ameshaachana na Bally na kuolewa na George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyekaa Isiolo. Mnaijua njia ile: Isiolo ni joto na vumbi, ukipanda kidogo tu unaingia kwenye ubaridi na migomba ya Meru. Ikawa jirani zake wa upande huo ni Waimenti, Watigania na Waigembe, na mbele zaidi Watharaka, Wachuka, Wambeere na Waembu.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi kubwa kuliko zote: azunguke nchi nzima awachore watu wakiwa katika mavazi na mapambo ya asili. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Wamisionari wa Methodist walikuwa wameshaota mizizi Kaaga, Wapresbiteri Chogoria, Waanglikana Kigari kule Embu. Mtoto aliyepelekwa shule alivaa kaptura, shanga zikabaki nyumbani, na nguo za ngozi zikawekwa juu darini. Kazi hiyo ilimchukua Joy karibu miaka 6, akatoa picha zaidi ya 500. Mwaka 1967 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu watu hao wa Kenya.

Mkipata nafasi ya kuziona picha hizo, msianze na uso, anzeni na sikio. Tazameni ndewe ilivyotanuka, kilichotiwa ndani yake, na kinachoning'inia chini yake. Shukeni shingoni mhesabu mizunguko ya shanga. Rangi zimefuatana kwa mpango. Nendeni kwenye ngozi iliyofungwa begani, muone ilivyoshonwa na fundo limekaa wapi. Mshonaji wa leo anayetaka kutengeneza vazi la ngoma bila kubahatisha anaweza kulifuata fundo hilo. Fundi wa shaba na mshonaji wa Vienna wako humo, ndani ya jicho la mchoraji mmoja.

Halafu angalieni nyuma ya mtu. Aghalabu hamtaona kitu. Hakuna kilima, nyumba wala mgomba, ni karatasi tupu. Hapa ndipo mimi na Joy tunapotofautiana kidogo. Aliwachora watu kama alivyochora maua: achomoe shina moja, aliweke kwenye weupe, aonyeshe kila jani na kila uzi. Kwa ua ni sawa kabisa. Kwa mtu, weupe ule unaficha mengi.

Hebu tazameni miaka yenyewe. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru ndio waliobanwa zaidi. Walitakiwa kutembea na pasi, familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vyenye ulinzi, na kule Mwea, ndani ya wilaya ya Embu ya wakati huo, wafungwa walijazwa kambini na kutumikishwa kuchimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Serikali iliyofanya hayo ndiyo iliyokuwa ikimlipa mchoraji ahifadhi sura ya mzee na usinga wake. Simlaumu Joy kwa vita asivyovianzisha. Ila nataka mkisimama mbele ya picha ya mtu wa Embu mkumbuke kwamba mtu huyo hakuishi kwenye karatasi nyeupe. Alikuwa na shamba, alikuwa na hofu, na pengine alikuwa na ndugu aliyepigana msituni.

Na jambo jingine: walioketi mbele yake walifanya kazi pia. Kukaa saa nzima bila kutikisa shingo, na kilemba cha manyoya kichwani, jua linapanda, nzi wanatua... jaribuni dakika 10 tu hapo mlipo! Nusu ya uzuri wa picha zile umetoka kwa mtu aliyekubali kutulia.

Elsa alipokua, Joy na George walimwachia porini upande wa Meru, karibu na mto Ura, na alipokufa Januari 1961 alizikwa huko huko. Fedha za vitabu vya Joy zilisaidia hifadhi ya Meru kusimama. Katika hifadhi hiyo alikuja kumrudisha porini duma aliyeitwa Pippa, huku penseli ikiwa haiko mbali. Kurasa za vitabu vyake zina michoro ya wanyama wakijinyoosha, wakilala na kulamba watoto wao. Mwaka 1969 aliumia vibaya mkono wa kulia katika ajali ya gari, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Kwa mpiga piano na mchoraji, mkono huo ndio ulikuwa riziki.

Aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo. Mwanzoni ilisemekana ni simba, lakini uchunguzi ulionyesha ni mkono wa mtu, na mfanyakazi wake wa zamani alihukumiwa kwa mauaji hayo. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Picha nyingi za watu ziko Nairobi, katika makumbusho yale yale alikoanza kwa kuchora maua ya Bally.