Muuza baiskeli za mtumba mtandaoni, shika usukani kabla hujashika kamera

Wadau, leo naongea na wale wanaouza baiskeli za mtumba kupitia simu. Picha inaonyesha rangi, tairi na kikapu. Haionyeshi kama usukani unacheza. Na mteja akishapokea mzigo wake, kitu cha kwanza anachokigusa ni usukani. Ukigonga tu anapobana breki, hata ungekuwa umempa tairi mpya mbili, ameshajiona kapigwa. Mbaya zaidi, usukani unaoyumba kwenye mteremko unaangusha mtu.

Kwangu baiskeli haipigwi picha kabla ya vipimo viwili. Cha kwanza: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vya mkono mwingine vimeshika pale foku inapoingia kwenye fremu. Ukisikia inacheza hapo, gololi za usukani zimelegea. Breki nazo huwa zinacheza zenyewe zikakudanganya, kwa hiyo geuza gurudumu upande, weka tena vidole, sukuma tena. Cha pili: nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu kwa kidole. Unatakiwa uende laini kushoto na kulia. Ukiwa mgumu au unakwaruza, ni kutu, vumbi au umekazwa mno. Ukiwa unanasa katikati kabisa, gurudumu likiwa limenyooka, hilo ni jambo jingine, nitalifikia.

Baiskeli za zamani, zile ambazo shingo ya usukani inazama ndani ya bomba, zina nati kubwa juu na chini yake kikombe chenye hesi. Spana nyembamba ya namba 32 inafaa nyingi kati ya hizi. Legeza nati, zungusha kikombe kwa mkono mpaka kiguse gololi, kirudishe kidogo sana, kishike na spana moja ukikaza nati na nyingine. Kwanini ukirudishe? Kwa sababu nati ikikazwa inakisukuma kikombe chini, na kile ulichoacha kikiwa sawa kinakuwa kimebana. Pima tena. Mara ya kwanza ni nadra kupatia, hata mafundi wanarudia.

Kama inakwaruza, fungua yote. Tandika kitambaa chini kwanza na ushike foku, maana nati ikitoka foku inashuka na gololi zinatawanyika hadi chini ya kabati. Hesabu za juu na za chini kabla ya kuziosha. Osha kwa mafuta ya taa, kausha vizuri, paka grisi ya kutosha ndani ya vikombe, halafu panga gololi. Usijaze mpaka zibanane. Iache nafasi ya gololi moja hivi. Ukinunua mpya nenda na moja mkononi kama sampuli, na badilisha zote pamoja, kwa sababu mpya na iliyolika hazilingani unene na mzigo wote utabebwa na zile mpya. Sisi wa Pwani tusibanie grisi. Hewa ya chumvi haina urafiki na chuma.

Baiskeli za kisasa za milimani ni tofauti. Shingo imevalishwa kwa nje ya bomba la foku, ina nati za pembeni, na juu kuna kifuniko chenye nati moja. Hapa wengi wanachanganya. Kifuniko kazi yake ni kubana gololi tu. Kinachoshikilia usukani ni zile za pembeni. Kwa hiyo legeza za pembeni KWANZA, kaza kifuniko kidogo kidogo kwa spana ya L, pima, nyoosha usukani na gurudumu, ndipo ukaze za pembeni kwa kupokezana. Kifuniko kikikazwa na bado inacheza, angalia chini yake: ncha ya bomba inatakiwa iwe chini ya ukingo wa shingo kwa milimita 3 hivi. Ikiwa imefika juu, ongeza washa.

Sasa ile ya kunasa katikati. Baiskeli muda mwingi inaenda moja kwa moja, kwa hiyo gololi zinapigwa na mashimo ya barabara zikiwa zimekaa palepale, mpaka vikombe vinapata vijishimo. Hiyo haitibiki kwa kukaza wala kulegeza. Kuna wauzaji wanaibana sana mteja asiisikie. Mimi siungi mkono hata kidogo: usukani wa hivyo haujinyooshi wenyewe, mwendeshaji anapigana nao njia nzima. Badilisha seti, au andika wazi kwenye tangazo na upunguze bei. Wapo wateja mafundi wanaoitaka hivyohivyo.

Ukimaliza, chukua video fupi ya vipimo vile viwili, na kwenye maelezo andika: "Usukani umefunguliwa, umesafishwa, umetiwa grisi mpya. Hauchezi, haunasi." Hii imenipunguzia maswali ya inboksi kuliko picha kumi.

Bado kufunga mzigo wa basi. Kwa aina ya zamani, legeza nati ya shingo, igonge kidogo kwa kipande cha ubao, geuza usukani ulale sambamba na fremu, gololi hazitaguswa. Kwa ya kisasa usivue shingo, ukiivua foku inatoka na gololi zinaachia. Fungua tu kibano cha mbele, toa usukani, ufunge kwenye fremu kwa mpira wa tairi.

Mteja wangu mmoja wa Singida alipokea ya kwake salama, fundi wa kule akaamua kuvua shingo apake grisi. Kurudisha, akakaza za pembeni kwanza, akahangaika na kifuniko mpaka hesi ikaanza kulika, na bado inagonga. Tulimaliza kwa simu dakika tano. Tangu hapo kila baiskeli ya aina hiyo inaondoka na karatasi imefungwa kwenye fremu kwa maandishi makubwa: LEGEZA ZA PEMBENI, KAZA KIFUNIKO, NYOOSHA, KAZA ZA PEMBENI.