Imani Iliyofichika na Ujasiri wa Mfanyabiashara

Katika mfano wa talanta (Mt. 25:14-30) wahubiri wengi humlaumu mtumwa wa tatu kwa ulegevu, kwa kuwa bwana wake mwenyewe alimwita hivyo. Lakini yeye ajieleza kwa habari nyingine: alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa. Talanta moja ilikuwa dinari zipatazo 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Basi alikabidhiwa mapato ya karibu miaka 20. Kuifukia haukuwa ujinga, maana marabi waliihesabu ardhi kuwa mahali salama pa kuwekea fedha ya amana. Kilichomfunga mikono ni sura ya bwana aliyokuwa nayo moyoni. Wenzake wawili walimtumikia bwana yule yule, naye alikawia mno kurudi.

Jambo hili lawahusu wachungaji wanaowashauri wafanyabiashara. Mtu huamua kukopa au kupanda kwa hesabu ya daftari, lakini nyuma ya daftari ipo imani ambayo hajapata kuitamka, na pengine hajui kuwa anayo. Mwenye kupanda mibuni hungoja miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana. Anayeamini kimoyomoyo kwamba mali ikionekana italeta kijicho na kurogwa atachagua biashara ndogo ya leo kwa leo, hata kama kila Jumapili anakiri Imani ya Mitume kwa sauti kuu. (Hapa, naona, mafundisho yetu ya kipaimara hayajafika.)

Max Weber, katika makala zake za 1904 na 1905, alidai kwamba Wakalvini waliohangaika kujua kama wamechaguliwa walitafuta dalili katika kazi ya nidhamu, wakaepuka anasa, na faida wakairudisha kazini. Nadharia hiyo imepingwa sana. Hata hivyo yatukumbusha kwamba fundisho laweza kumwongoza mtu sokoni kwa njia ambayo mwalimu wake hakuikusudia.

Upo pia ujasiri wenye ugonjwa. Katika kijitabu chake cha 1524 juu ya biashara na riba, Luther aliwaonya wanaodhamini madeni ya wengine, kwa kuwa wajifunga kwa kesho isiyo yao. Vivyo hivyo, aliyehubiriwa kwamba Mungu hana budi kumfanikisha huweka rehani shamba la ukoo. Hasara ikija, hujilaumu kwa uhaba wa imani, akakopa tena. Mchungaji akiombwa kuubariki mpango kama huo, na amwulize kwanza mwenye mpango atamwonaje Mungu endapo yote yatapotea. Jibu la kwanza kwa kawaida hutoka katika katekisimo. Inafaa kungoja la pili.