Akataaye Chakula, Je, Ameshiba?

"Mwenye njaa hana miiko," walisema wazee wetu, nao walisema kweli. Lakini iko njaa nyingine, iliyo ya hatari zaidi: njaa isiyotaka kula. Mtoto amekonda, au miguu imemvimba; mama amsogezea uji, naye ageuza uso. Jirani husema, "Mwache, ameshiba." Je, ndivyo?

Kwanza na tuone jinsi mwili unavyokipima chakula. Tumbo likiwa tupu hutoa kitu kiitwacho grelini, kilichogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999. Hicho husafiri katika damu kama tarishi, mpaka sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na kuamsha hamu ya kula. Tukila, tumbo hutanuka, na mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni. Matumbo nayo hutuma matarishi ya shibe. Habari hizo huchukua yapata dakika 20 kukamilika. Ndiyo sababu mwenye kula kwa pupa hupita kiasi kabla hajajua. Tena mafuta ya mwili hutoa leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994, ili ubongo ujue akiba iliyobaki.

Mpango huu ni mzuri, lakini waweza kutudanganya kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: tumbo la mtoto ni dogo. Fufu ya muhogo hulijaza upesi, na tarishi husema, "Basi, yatosha." Kumbe muhogo una protini chache mno! Mtoto alala ameshiba, na mwili wake umepungukiwa.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Upungufu ukizidi, mwili hupunguza kazi zake zote ili usife. Ini, moyo na matumbo hudhoofika. Homa na kuhara huingia. Mwishowe hamu ya chakula huzimika. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa namna hiyo kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa nafasi yake kwa kuzaliwa mdogo wake.

Kwa hiyo waganga wa leo huipima hamu yenyewe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa lahamu ya karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, ale kwa utulivu mapajani mwa mama yake, bila kulazimishwa. Akila vema, wala hana ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa akikaa nyumbani. Akikataa, hulazwa hospitalini. Huko huanza kwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Kwa maana mwili uliodhoofika hauwezi kustahimili chakula kingi kwa ghafula, na moyo waweza kushindwa. Hamu ikirudi, ndipo apewapo chakula chenye nguvu zaidi.

Mambo haya yatuhusu sana sisi wa Bungulu, katika mji wa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika vijiji vya jirani yamewafukuza wakulima wengi mashambani, na nyumba nyingi za mjini zimewapokea ndugu waliokimbia. Sahani moja hula watoto wengi. Mkubwa hula upesi, mdogo hubaki nyuma, na siku akiacha kugombania tonge, hakuna anayeona.

Basi, wazazi wapendwa, mpeni mdogo sahani yake mwenyewe, na mkae naye hata amalize. Changanyeni maharagi, karanga, soya, yai au samaki wadogo katika uji na fufu yake. Bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa muda mfupi: shimo likibaki, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Huko pia watampima mkono kwa utepe; kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, kipimo chini ya milimita 115 ni hatari kubwa.

Mtoto anayelilia chakula bado ana nguvu ya kudai haki yake. Aliyenyamaza mbele ya sahani iliyojaa ndiye wa kukimbiziwa msaada kwanza.