Hisabati kwa Vitendo katika Shule za Msingi

Kufundisha hisabati kwa vitendo ni kumwezesha mwanafunzi kushika, kupanga na kugawa vitu halisi kabla ya kuandika tarakimu, na katika Wilaya ya Rungwe, ambako migomba na maharage hustawi kuuzunguka mji wa Tukuyu, zana zake hupatikana bila gharama kubwa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Katika kutoa 18 kutoka 34, kwa mfano, vijiti hufungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba, yakapatikana mafungu matatu na vijiti vinne. Kwa kuwa vinane havitoki katika vinne, mwanafunzi hufungua fungu moja, huondoa vinane katika vijiti kumi na vinne, kisha huondoa fungu moja, akabakiwa na 16. Kwa njia hiyo huelewa thamani ya nafasi, yaani thamani ambayo tarakimu hupata kutokana na mahali ilipoandikwa.

Hata hivyo, mwalimu asipomwongoza kuandika kila hatua aliyoitenda, vijiti hubaki mchezo tu.