Ajali Michigan: Usimngoje mkosaji, dai bima yako mapema

Barabara kuu ya US-131 inapopita katikati ya mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, hujipinda katika kona ambayo madereva huiogopa hasa msimu wa theluji. Katika magari yanayopita hapo alfajiri kwenda viwandani wamo Wakongomani waliotoka Uvira, Bukavu na Fizi. Wengi wao walikaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu ikiwa mojawapo, kabla ya kuhamishiwa Marekani. Ajali ikitokea, swali la kwanza linalowatoka ni lile walilozaliwa nalo: nani mwenye kosa?

Huku kwetu swali hilo ndilo mlango wa fidia. Nchini Kenya, aliyegongwa hulipwa na bima ya aliyemgonga, tena baada ya kuthibitisha uzembe wa dereva huyo, na sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Tanzania nako majeruhi huanza na fomu ya PF3, akasubiri mchoro wa trafiki na kesi ya dereva, ndipo aifuate kampuni ya bima ya mwenye kosa. Familia huuza ng’ombe au kiwanja kulipia matibabu huku faili likizunguka.

Huko Michigan, kwa upande wa matibabu na mshahara uliopotea, swali la mkosaji halina kazi. Kila mmoja huanza na bima yake mwenyewe. Anayekaa akingoja polisi waamue nani alikosea, au anayenyamaza kwa sababu anajua kosa lilikuwa lake, hupoteza haki aliyokwisha kuilipia kila mwezi.

Sheria ilivyozaliwa

Wazo hili lilipata nguvu Marekani mwaka 1965, pale wanasheria wawili, Robert Keeton na Jeffrey O’Connell, walipochapisha kitabu kilichoonyesha jinsi kesi za ajali zilivyokuwa zikichukua muda mrefu, zikila fedha nyingi, na kumwacha aliyeumia vibaya na fidia ndogo kuliko hasara yake. Pendekezo lao lilikuwa kwamba majeruhi atibiwe na bima yake mara moja, bila kutafuta mkosaji, na kwa upande wake aiache haki ya kushtaki kwa kila jeraha dogo.

Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza kuanza utaratibu huo, Januari 1971. Michigan ilipitisha sheria yake mwaka 1972, nayo ikaanza kutumika Oktoba 1, 1973. Leo majimbo 12 yanafuata mfumo huu kwa namna mbalimbali, yakiwemo New York, Florida, Minnesota na Kentucky.

Kinacholipwa

Katika karatasi za bima za Michigan, sehemu inayomlipa majeruhi bila kujali mkosaji huandikwa PIP. Inagharamia hospitali, dawa, mazoezi ya viungo, vifaa kama kiti cha magurudumu, na uuguzi wa nyumbani. Aliyeshindwa kufanya kazi hulipwa asilimia 85 ya mshahara wake, kwa kikomo cha mwezi kilichowekwa na sheria, hadi miaka mitatu. Akihitaji mtu wa kumpikia, kumfulia au kumwangalizia watoto, sheria inatoa hadi dola 20 kwa siku kwa muda huohuo wa miaka mitatu. Akifariki, wategemezi wake hulipwa pamoja na gharama za mazishi.

Gari lenyewe ni jambo jingine, na hapa wengi hushtuka. PIP hailipi bodi iliyobonyea. Mwenye gari asiye na bima kubwa ya kulitengeneza hujigharamia mwenyewe. Akiwa hakusababisha ajali, anaweza kumdai mwenye kosa, lakini kiasi hicho hakizidi dola 3,000.

Chaguo linaloamua maisha

Kwa miongo mingi Michigan ilikuwa na sifa ya pekee Marekani: matibabu ya majeruhi wa ajali ya gari hayakuwa na kikomo, hata kama angehitaji kuuguzwa maisha yake yote. Lakini bima yake ilikuwa miongoni mwa zile ghali kabisa nchini humo, na wengi, hasa katika mji wa Detroit, waliendesha bila bima kwa kushindwa kulipa.

Mei 30, 2019 Gavana Gretchen Whitmer alitia saini sheria mpya. Kuanzia Julai 2, 2020 mnunuzi wa bima huchagua mwenyewe kiwango cha matibabu: bila kikomo, dola 500,000, dola 250,000, au dola 50,000 kwa walio kwenye bima ya serikali ya Medicaid wanaotimiza masharti. Wazee walio na bima ya serikali ya Medicare wanaweza kuiacha kabisa sehemu hiyo ya matibabu.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kwa ndugu zetu. Mkimbizi aliyefika juzi, mwenye Medicaid na mshahara wa kiwandani, anawekewa fomu ya Kiingereza mbele yake. Jicho lake linatua kwenye bei ndogo kuliko zote, anatia saini, anachukua ufunguo. Hakuna aliyemweleza kwamba mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo au kuumia ubongo anaweza kuzimaliza dola 50,000 kabla hajatoka hospitalini. Akiba ya dola chache kwa mwezi hugeuka deni la ukoo mzima.

Sheria hiyo ya 2019 pia ilipunguza malipo ya watoa huduma kuanzia Julai 2021. Uuguzi wa nyumbani uliathirika sana, na baadhi ya mashirika yakafunga milango huku wagonjwa waliopooza wakihangaika kupata wa kuwageuza kitandani. Julai 31, 2023 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba makato hayo hayawahusu walioumia chini ya mikataba ya zamani, kabla sheria hiyo haijaanza kutumika Juni 2019. Ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu watu wale walikuwa wamenunua ahadi ya maisha. Walioumia baadaye hawana kinga hiyo. Ulinzi wao uko kwenye kile walichochagua siku ya kutia saini.

Chelewa chelewa

Taarifa ya maandishi inapaswa kuifikia kampuni ya bima ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ajali. Mwaka huonekana mrefu kwa aliye mzima. Kwa mgonjwa anayetoka upasuaji mmoja kwenda mwingine, unakwisha haraka. Kampuni ikipokea uthibitisho wa kutosha wa gharama, inatakiwa kulipa ndani ya siku 30. Ikichelewa, deni huzaa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Ikikataa, majeruhi asikae na barua nyumbani, maana kwa kawaida mahakama haitampa gharama zilizopita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi, ukiondoa muda ambao dai lilikuwa likisubiri jibu.

Majimbo mengine yana saa zake. New York inataka taarifa ndani ya siku 30 tu. Minnesota, waliko Wakenya wengi, mkataba unaweza kudai taarifa ndani ya miezi sita. Asiyejua tarehe ya jimbo lake asimuulize rafiki aliye jimbo jingine.

Na abiria huko Michigan je? Wengi huchangia gari kwenda kazini. Abiria aliyeumia huanza na bima yake, kisha ya mume au mkewe, kisha ya ndugu anayeishi naye nyumba moja. Kama hakuna, hupeleka maombi kwenye mpango wa Michigan Assigned Claims Plan, ambao kwa kawaida hulipa matibabu hadi dola 250,000. Aliyegongwa akitembea kwa miguu hufuata njia hiyohiyo. Hivyo kukosa gari si kukosa haki.

Ila kuna mtu mmoja sheria haimhurumii: mwenye gari anayeliendesha bila bima. Akipata ajali nalo hapati PIP, wala hawezi kumdai aliyemgonga fidia ya maumivu, hata kama kosa halikuwa lake kabisa.

Kesi bado ipo, kwa aliyeumia vibaya

Mfumo huu haukufuta mahakama. Mtu anaweza kumshtaki mwenye kosa na kudai fidia ya maumivu endapo ajali imesababisha kifo, imeharibu vibaya uwezo wa mwili kufanya kazi, au imeacha kovu baya la kudumu. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu, na asiwe mwenyewe amechangia zaidi ya nusu ya kosa. Hapo ndipo ripoti ya polisi, picha na mashahidi hupata thamani.

Wakili katika kesi kama hizi kwa kawaida hulipwa kutoka kwenye fidia, na kanuni za mahakama za Michigan zinamzuia kuchukua zaidi ya theluthi moja. Anayepiga simu siku chache baada ya ajali akitaka kukuwakilisha, au kukupeleka kliniki usiyoijua, mkatae: sheria ya jimbo inakataza kumwandama majeruhi kwa njia hiyo ndani ya siku 30 za mwanzo.

Ukipima yote, mfumo wa kumtibu majeruhi kwanza una utu kuliko ule wa kumngoja hakimu. Lakini haki yake hukaa kwenye karatasi hadi mwenyewe aidai. Viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya jumuiya huko Grand Rapids, Lansing na kwingineko wana wajibu wa kuyaeleza haya kwa Kiswahili, kabla ya theluji nyingine kuanguka.

Nawe msomaji mwenye ndugu Michigan, mpigie leo. Mwambie atoe karatasi ya bima yake, atafute mstari ulioandikwa PIP, na asome kiasi kilichoandikwa hapo. Kama ni kidogo kuliko alivyodhani, amuulize wakala wake gharama ya kukiongeza. Na kama amekwisha kupata ajali, ahesabu miezi na aandike dai lake wiki hii, hata kama kosa lilikuwa lake.